Uwanja Usifagiwe

Sura ya Tisa

Kifaru kilikuwa kibaya. Hakuna aliyethubutu kumwambia Mfaume, lakini kila mtu pale Marui alikuwa amekwisha kuliona hilo, kuanzia mpiga kamera hadi akina mama waliokuja kuuza mihogo ya kuchemsha. Laurentia mwenyewe ndiye aliyekitengeneza, kwa mbao na mabati juu ya trekta la kijiji, akakipaka rangi ya majani mara mbili. Kikisimama mbali, katikati ya moshi, mtu mwenye huruma angeweza kukiita kifaru. Kikisogea karibu kilikuwa banda la kuku lenye bomba mbele.

Mwaka ulikuwa themanini na mbili, na filamu ilikuwa ya vita vya Kagera. Vita vyenyewe vilipiganwa mwisho mwingine wa nchi, ila mafuta ya kuwafikisha Kagera hayakupatikana, na wakubwa wa Dar es Salaam wakaamua kwamba mashamba ya Kisarawe yanaweza kuwa Kagera iwapo mikorosho itafichwa. Kazi ya kuificha mikorosho ikamwangukia Laurentia. Alikata migomba ya watu kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji, akaichomeka mbele ya mikorosho, na kila baada ya siku chache migomba ilinyauka akakata mingine.

Watu wa kijijini walipomuuliza kazi yake ni nini hasa, aliwajibu kwamba kila kitakachoonekana kwenye filamu na si mtu ni shauri lake: nyumba, vyungu, nguo, hata vumbi la uwanjani. Mfaume ndiye aliyekuwa mwongozaji. Yeye ndiye wa kusema kamera isimame wapi, nani atembee, nani alie na alie kwa muda gani. Kwa kazi za namna hiyo watu wawili hawakosi kugombana, na hawa waligombana kweli. Mfaume alitaka moshi, baruti na askari wanaoanguka. Laurentia alitaka ionekane nyumba alikotoka askari. Mfaume alisema hakuna mtu atakayekata tiketi kwenda kutazama sufuria. Laurentia alisema hakuna mtu atakayemlilia askari ambaye hata sahani aliyokuwa akilia chakula hajaiona. Wakifika hapo walinuniana mpaka chakula cha mchana, kisha Mfaume humsogezea pande lake la nyama, na Laurentia hulila bila kumtazama. Kikosi kizima kilijua kwamba hayo ni mapenzi, na kikosi kizima kilijifanya hamnazo.

Mapenzi yenyewe yalikuwa ya siku nyingi, tangu kabla ya vita. Mwisho wa mwaka sabini na nane Mfaume alimpeleka Laurentia kwao Mbwawa, nje kidogo ya mji wa Kibaha, akamwone mama. Alimtambulisha kama mwenzake wa kazini, uongo ambao haukumdanganya hata mmoja. Bi Mwanahalima alimchinjia kuku, akamlaza chumba kimoja na shangazi, na kabla taa hazijawashwa alikuwa amekwisha kumwita mwanangu. Asubuhi yake Matano, mdogo wake Mfaume, akaondoka kwenda jeshini, maana vita vilikuwa vimeanza. Hakurudi. Alizikwa huko huko Kagera pamoja na wenzake.

Na tangu asubuhi ile aliyoondoka Matano, Bi Mwanahalima hakumwita tena Laurentia mwanangu. Alimwita mgeni. Mgeni karibu, mgeni umeshiba, mgeni msalimie baba. Mfaume alipotaja habari ya ndoa, mama alijibu kwa upole kabisa, huku akimimina chai, kwamba nyumba ile haijapata kuingia msalaba. Alipoirudia habari hiyo mwaka uliofuata, alipewa jibu lile lile na chai ile ile.

Upande wa pili mambo yalikuwa yamelainika. Mwalimu Athanas, baba yake Laurentia, mtu wa Mahenge aliyehamia Kibaha kufundisha, alinuna mwaka mzima, kisha akasema kama watoto wanataka kwenda kufunga ndoa bomani yeye hatasimama njiani. Kilichobaki ni Mbwawa. Mfaume hakuwa tayari kwenda bomani bila neno la mama yake. Yule mama alikuwa amepoteza mtoto mmoja bila hata kuliona kaburi lake, na Mfaume aliona hawezi kumnyang'anya na wa pili. Laurentia alimwelewa. Alikuwa amemwelewa kwa miaka, na sasa alikuwa amechoka kuelewa.

Wiki iliyotangulia alikuwa amemweka chini, nyuma ya lile banda la kuku lao, akamwambia.

"Filamu ikiisha nakwenda Mahenge kufundisha. Nimeshakubali."

"Na mimi?"

"Wewe una mama. Kamuulize mara ya mwisho. Akisema hapana, usinifuate, Mfaume. Ukinifuata nitarudi na wewe, na tutaishi vibaya."

Mfaume hakubisha. Alibaki akibandua rangi kwenye ubao wa kifaru kwa ukucha, mpaka Laurentia akamshika mkono kumzuia, kisha mkono wenyewe akausahau hapo hapo alipoushika. Alimpenda mno yule mwanamume, na jambo hilo halikumsaidia chochote.

Sasa, wanaume wakibanwa huwa na fikra za ajabu. Fikra ya Mfaume ilikuwa kumleta mama yake Marui, amwone Laurentia akiwa kazini, aone jinsi anavyoheshimiwa, huenda moyo ukalegea. Laurentia alipoisikia alitamani kucheka. Hata hivyo alipiga pasi gauni lake la buluu, na msalaba wake akauingiza ndani ya nguo kama alivyozoea kila alipokutana na mama huyo.

Bi Mwanahalima alishuka kwenye Landrover saa za asubuhi, amejitanda kanga iliyotunzwa sandukuni muda mrefu, mkononi kikapu. Laurentia alikwenda kumpokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mgeni. Hujambo? Kazi zinaendaje?"

Alisema zinaendelea vizuri. Wakamwekea kiti pembeni ya kamera, chini ya kivuli cha turubai. Bi Mwanahalima akaketi, akaitazama nyumba iliyojengwa kwa ajili ya filamu, na akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyotazamwa nyumba ya udongo na makuti. Laurentia alijua kwa nini. Mlango ulikuwa umepinda kushoto. Mtungi ulikaa upande wa jiko, na mbuzi ya kukunia nazi iliegemezwa ukutani chini ya dirisha dogo. Alipoambiwa ajenge nyumba ya mama wa askari, Laurentia alijenga nyumba pekee ya mama wa askari aliyowahi kulala. Hakumwambia mtu, hata Mfaume, na Mfaume kwa macho yake yaliyojaa moshi na baruti hakuwa ameitambua nyumba yao.

Siku hiyo walikuwa wapige picha ya kuondoka. Kibwana, kijana aliyeigiza askari, angemwamkia mama yake mlangoni, angeukata uwanja na kwenda zake barabarani. Mama wa kwenye filamu alikuwa Bi Ursula, mwigizaji wa siku nyingi wa jukwaani, mtu wa kulia akitakiwa na kunyamaza akitakiwa. Mfaume alitaka kamera imfuate kijana toka mlangoni mpaka barabarani, imwonyeshe kifua mbele, kisha hapo hapo waingie vitani. Kikosi kikajipanga. Kibwana akaamkia, akakata uwanja kwa viatu vyake vizito vya jeshi, akaondoka vizuri tu.

Hilario, mpiga kamera, akainua mkono. Aliomba radhi, akasema pua ya kifaru imeingia kwenye picha, pale nyuma ya migomba.

Utepe wa filamu ulikuwa adimu kuliko sukari siku hizo, na kila aliyekuwapo alimwona Mfaume akimeza neno. Akasema haidhuru, warudie. Na wakirudia, kulikuwa na desturi ya kazi ambayo Laurentia aliifanya bila kuambiwa. Kamera haisahau kitu. Nyayo za mara ya kwanza zikibaki uwanjani, mtazamaji ataona mtu mmoja kaondoka mara mbili. Kwa hiyo akachukua ufagio wa chelewa, akaanzia mlangoni, akafagia kurudi nyuma, nyayo za Kibwana zikifutika moja moja. Alikuwa amefika katikati ya uwanja.

"Acha."

Haikuwa sauti kubwa. Laurentia aliinua uso akamwona Bi Mwanahalima amesimama, kikapu kimeanguka miguuni pake.

"Mama, anafuta nyayo tu," Mfaume alisema. "Kibwana anarudia kutoka."

"Mtoto katoka sasa hivi, hata barabarani hajafika, mnamfagia." Kisha akamgeukia Laurentia, na mara hii alimtazama usoni hasa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. "Hata siku ile ulifagia."

Akaokota kikapu chake, akaenda akaingia ndani ya Landrover, akafunga mlango.

Laurentia alibaki na ufagio mkononi. Ilimchukua muda mfupi tu kuikumbuka siku yenyewe, maana alikuwa ameikumbuka mara nyingi kwa sababu nyingine. Asubuhi ile Mbwawa aliamshwa na watu wanaoagana. Mfaume alikuwa amemsindikiza mdogo wake mpaka Mlandizi kwenye lori. Laurentia alipotoka nje aliukuta uwanja umekanyagwa na majirani waliokuja kuaga, na ufagio umesimama jikoni. Kwao Mahenge, marehemu mama yake alimfundisha kwamba msichana akilala nyumba ya watu, jua likaukuta uwanja mchafu, amemtukanisha mama yake. Akaushika ufagio. Alifagia toka mlangoni mpaka barabarani, mpaka pale zilipoishia nyayo za Matano, na jasho likamtoka. Akasimama kungoja asifiwe. Bi Mwanahalima alitoka, akautazama uwanja, akarudi ndani. Laurentia alidhani ni machozi ya kuagana.

Watu wa Mbwawa hawahitaji kuelezwa. Mtu akisafiri, nyumba haifagiwi mpaka siku ipite, asije akafagiliwa moja kwa moja. Kila mtoto wa pale analijua hilo tangu hajaota meno ya pili. Mfaume pia alilijua, ila alikwenda kusomea filamu Ulaya, na huko alijifunza vitu vingi.

Alimvuta Laurentia nyuma ya kifaru. Alikuwa amekasirika, na hakujua amkasirikie nani.

"Usilitie hilo moyoni," alimwambia. "Matano aliuawa na kombora. Ufagio haukumuua mtu. Mama ana mambo ya kizamani tu."

"Ulikuwa unajua kwamba hakufagiwi?"

"Nilikuwa najua. Nani anakumbuka vitu kama hivyo?"

"Mama yako."

Laurentia alihisi kitu cha ajabu, uchungu na ahueni vimekuja pamoja. Alimwambia kwamba miaka yote alidhani ni msalaba, mpaka akaufanya wa kuficha kila anapokwenda Mbwawa, kumbe Bi Mwanahalima alikuwa na neno ambalo hakuweza kulisema. Angelisema, angechekwa, na wa kwanza kumcheka angekuwa mwanawe msomi. Mfaume hakulikana hilo. Aliuliza sasa wafanye nini.

Laurentia alikuwa ameshaondoka. Alikwenda mpaka kwenye Landrover, akauweka ufagio chini, akachuchumaa kando ya mlango uliokuwa umefungwa. Dirisha lilikuwa wazi.

"Mama, nilifagia. Kwetu mgeni asipofagia ni aibu. Sikujua."

Bi Mwanahalima alikipakata kikapu chake.

"Najua kwamba hukujua. Ungefanya makusudi ningekusahau zamani. Mtu mbaya anaachwa tu. Wewe nilikuwa nimeshakupenda, ndiyo ubaya wake." Alijifuta uso kwa pindo la kanga. "Kila nikikuona, naona ule uwanja ulivyong'aa."

Yule mama akaendelea kwa sauti ile ile ya kawaida, kama anayeeleza bei ya korosho. Alisema anajua kwamba kifo hupangwa na Mungu. Shehe amemwambia, na yeye mwenyewe hujiambia akiwa kwenye mswala. Anajua kombora haliulizi habari za fagio.

"Lakini mimi sikumwona alivyokufa," alisema. "Na kaburi sikuliona. Kwenye vita vyote vile, nilichokiona mimi ni uwanja."

Laurentia aliyasikia maneno hayo kwa masikio mawili, moja la mpenzi na moja la kazi, na baadaye aliona haya kwamba lile la kazi lilitangulia. Akauliza kama asingefagia mtu asubuhi ile, mama angeufanyaje uwanja. Bi Mwanahalima alishangaa kuulizwa. Kisha akamweleza kwamba bibi yake, alipokuwa na mtu safarini, aliutafuta unyayo wa mwisho kabla ya barabara, akaufunika kwa ungo ili kuku wasiuchakure. Watu wa nyumba waliupita ule ungo pembeni mpaka habari ilipokuja. Yeye alikuwa ameingia ndani kuutafuta ungo. Alipotoka nao, hapakuwa na unyayo wa kufunika.

Laurentia alirudi uwanjani, akamkuta Mfaume na Hilario wanasogeza kamera ili kukikwepa kifaru. Akawaambia waache. Alichotaka kilikuwa kifupi: kamera isimfuate askari. Ibaki uwanjani na mama. Nyayo zisifutwe. Mama aufunike ule wa mwisho kwa ungo, na vita vyote vipite hapo, kwenye ungo, mpaka siku ya habari mbaya atakapoufunua na kuukuta unyayo bado upo.

"Na baruti?" Mfaume aliuliza. "Na kifaru? Wakubwa wanataka kuviona vita, Laurentia. Watu wanataka kuviona."

"Wewe uliviona?"

Vita vilipiganwa Mfaume akiwa Dar es Salaam, na habari ya ndugu yake ilimkuta ofisini.

"Mama yako kaniambia hivi," Laurentia alisema, akamrudishia maneno yale kama alivyopewa, bila kuyaongeza wala kuyapunguza. Kaburi sikuliona. Kwenye vita vyote vile, nilichokiona mimi ni uwanja.

Mfaume alimsikiliza huku akiitazama nyumba ya udongo. Aliutazama mlango uliopinda kushoto, mtungi, na mbuzi ya nazi chini ya dirisha dogo, na Laurentia aliona dakika ile ile alipoitambua. Alimtazama Laurentia kwa macho ambayo yeye Laurentia alikuwa akiyangojea tangu wafike Marui, huku Hilario na kikosi kizima wakingoja.

Kisha Mfaume akafanya jambo lililowachekesha wauza mihogo. Alilala kifudifudi uwanjani, na shati lake lile jeupe, akaweka kidevu vumbini, akazitazama nyayo za Kibwana kwa usawa wa ardhi.

"Kamera ije hapa chini," alisema. "Chini kabisa. Askari tusimwone tena, hata uso."

Hilario alinong'ona kwamba nyayo zenyewe zimefagiwa nusu. Zinaanzia katikati ya uwanja, kama mtu aliyeshuka kutoka hewani. Tena hakuna namna ya kurudia. Ukikosea lazima ufagie, na kufagia ndiko kulikokatazwa. Mfaume akasema basi watapiga mara moja tu, na hawatakata mpaka utepe uliobaki uishe.

"Na hiyo nusu iliyofagiwa? Kafagia nani?" Hilario aliuliza.

"Mchumba wa kaka yake," Laurentia alisema. "Alikuwa mgeni. Hakujua."

Mfaume alimwuliza kwa macho kama ana hakika. Laurentia alikwenda akauokota ufagio. Hakuwa mwigizaji na hakutaka kuonekana sura, na Mfaume alimwahidi kwamba kamera itamwona miguu na ufagio tu. Bi Ursula akaelezwa kazi yake kwa maneno machache, akaitikia kwa kichwa. Ungo ukaazimwa kwa muuza mihogo.

Wakaanza. Laurentia alifagia pale pale alipokuwa amekatizwa, chelewa zikikwaruza taratibu, mpaka mkono wa Bi Ursula ukaushika ufagio na kumwondolea. Hawakusemezana. Bi Ursula akatembea kando ya nyayo zilizobaki, kanga yake ikiburuza, akainama kwenye ule wa mwisho karibu na barabara, akaufunika kwa ungo. Akasimama. Akarudi ndani. Uwanja ukabaki peke yake, nusu laini, nusu imekanyagwa, na ungo kule mwisho.

Mwongozaji mwingine angekata hapo. Hilario alimtazama Mfaume, na Mfaume akakaza macho mbele. Utepe uliendelea kukimbia. Kuku mmoja wa kijijini, ambaye hakualikwa, aliingia kwenye picha, akaudonoa ungo, akauzunguka, akajaribu kuuchakura, akashindwa, akaenda zake. Mfaume alikuwa amelala vumbini kando ya kamera, machozi yanamtiririka bila sauti, na hakuyafuta kwa kuogopa kutikisa kamera. Laurentia aliyaona. Hakuwahi kumwona akimlilia Matano. Utepe ukaisha wenyewe.

Mlango wa Landrover ulikuwa wazi. Hakuna aliyejua Bi Mwanahalima ameshuka saa ngapi, ila alikuwa amesimama nyuma yao wote, na kwa jinsi alivyoishika kanga yake chini ya kidevu ilionekana kwamba ameona. Alikuja polepole mpaka uwanjani. Akaupita ungo pembeni.

"Yule kijana aliyeondoka," alimwuliza Laurentia, "yuko wapi?"

Laurentia alisema yuko nyuma ya nyumba, anakula mihogo.

"Mwite nimwone."

Kibwana alikuja mbio na magwanda yake ya kuazima, kipande cha muhogo shavuni, akidhani amefanya kosa. Akaamkia. Bi Mwanahalima akamwitikia, akamtazama toka kofia hadi viatu, akamkung'uta vumbi begani. Alimwambia amalize kutafuna kwanza ndipo aseme na watu wazima. Kisha akamruhusu aende.

Akainama mwenyewe akaufunua ungo, akauegemeza ukutani chini ya dirisha dogo, kando ya mbuzi ya nazi. Ufagio ulikuwa umeachwa mlangoni. Akauchukua, akauleta mpaka aliposimama Laurentia, akamnyooshea.

"Fagia. Huyu amerudi."

Laurentia hakuweza kuupokea. Mfaume alikuwa ameinuka, shati limechafuka kifuani, akapiga hatua moja kuja walipo. Mama yake alimwinulia kiganja asimame hapo hapo alipo.

"Laurentia," alisema. Kwa miaka yote ile hakuwa amelitaja jina hilo. "Baba yako yuko Kibaha, au amekwenda Mahenge?"

"Yuko Kibaha, mama."

"Haya. Mwambie asisafiri wiki hii, nina maneno naye." Akamshikisha ufagio kwa nguvu, mkono wake mkavu juu ya mkono wa Laurentia. "Na huo msalaba utoe nje ya nguo, utakuchoma. Shika ufagio."

Laurentia akaushika. Alikuwa analia waziwazi sasa, mbele ya kikosi na mbele ya wauza mihogo, wala hakujali. Akaenda pale nyayo zilipoanzia katikati ya uwanja, akainama, akaanza kufagia.

"Nyunyiza maji kwanza," Bi Mwanahalima akamwambia kwa nyuma. "Vumbi lote hilo. Huko kwenu hamnyunyizi?"

Wakampa kopo la maji kutoka mtungini. Akanyunyiza, akafagia mpaka barabarani, na mama mkwe wake akawa anamfuata nyuma akimwonyesha alikoacha.